Jumba Limebomoka, Kitabu Kimebaki

SOMO LA ROBO MWAKA KWA KAMATI ZA PAROKIA NA MARAFIKI WETU



Somo la robo hii linahusu vitabu. Kila tunapokaa na kamati kupanga bajeti, vitabu huwekwa mwisho wa orodha, na fedha zikipungua ndivyo vinavyokatwa kwanza. Sababu yake inaeleweka. Bati linaonekana. Tangi la maji linaonekana. Choo cha skuli hupigwa picha, na picha ikatumwa kwa mfadhili. Mtu aliyesoma kitabu hana cha kupigwa picha. Hata hivyo tunaamini kwamba utaratibu huo unatutia hasara, na mfano wa kulionyesha jambo hili hatuutafuti mbali. Tunauchukua hapa hapa Mtoni.

Tunazungumzia vitabu vya maarifa, yaani vile vinavyoeleza mambo yaliyotokea au yaliyopo: historia, maisha ya watu, sarufi, kamusi, vitabu vya kilimo, vya afya na vya ufundi. Riwaya na ngano zina faida zake, lakini hizo tuziachie somo jingine. Tutatazama vitabu vitatu vinavyohusu kisiwa chetu cha Unguja, na kila kimoja tutakiuliza swali moja. Cha kwanza tutakiuliza juu ya kufikiri, cha pili juu ya kazi, na cha tatu juu ya ubunifu.

1. KUFIKIRI: BINTI WA MTONI

Ukitoka Mji Mkongwe ukafuata barabara ya Bububu kwa kilomita chache, utakuta pwani magofu ya Jumba la Mtoni. Lilikuwa makazi ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Humo alizaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi, aliyetekwa angali mtoto na kuuzwa.

Watoto wa kike wa jumba lile walifundishwa kusoma, lakini hawakufundishwa kuandika. Salme alijifunza kuandika mwenyewe kwa siri. Aliufungua Msahafu, akazitazama herufi moja moja, akaziiga juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao watoto wa wakati huo waliutumia kama sisi tulivyotumia kibao cha skuli. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipofanya njama ya kumwondoa ndugu yao Majid katika utawala, Salme alikuwa na miaka kumi na mitano tu. Kwa kuwa alijua kuandika, wapangaji wa njama walimfanya karani wao. Njama ilishindwa, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Kwa hiyo funzo la kwanza la maisha yake ni kwamba kalamu peke yake haimfanyi mtu kuwa na busara. Elimu bila kupima mambo inaweza kumwingiza mtu katika jambo asilolielewa mwisho wake.

Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja. Mwaka uliofuata alibatizwa Aden kwa jina la Emily, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, wakaenda kuishi Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu. Salme akabaki mjane katika nchi ya ugeni, na watoto watatu wadogo, na lugha aliyokuwa bado anajifunza.

Katika hali hiyo alianza kuandika. Alitaka watoto wake wajue mama yao ametoka wapi, kwa sababu hakuwa na uhakika kwamba angeishi mpaka wakue. Kazi hiyo aliianza kama miaka tisa kabla ya kitabu kutoka. Kilichapishwa Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani, na mwaka 1888 kikatoka kwa Kiingereza. Kabla ya hapo, mwaka 1885, alipata nafasi ya kurudi kuiona Unguja, akalikuta Jumba la Mtoni limeanza kubomoka. Leo wageni huonyeshwa kuta zilizobaki. Lakini anayefungua kitabu huliona jumba likiwa zima. Huuona ua wenye paa, tausi na batamaji, huona vyumba vya kuogea, na humwona mzee Seyyid Said akienda na kurudi barazani juu ya bahari, akichechemea kidogo kwa jeraha la zamani la vita. Chokaa na mawe havikuweza kuyahifadhi hayo. Karatasi iliweza.

Sasa, kitabu hiki kinatufundisha nini kuhusu kufikiri? Tunaona mambo mawili.

La kwanza ni kutenganisha tulichokiona na tulichokisikia. Salme alilalamika juu ya wasafiri wa Ulaya wanaokaa wiki chache katika nchi za mashariki, wasiingie ndani ya nyumba hata moja, kisha wakarudi kwao kuandika kitabu kizima juu ya maisha ya wanawake wa huko. Yeye aliandika juu ya nyumba aliyolala ndani yake. Malalamiko hayo tuyapokee sote. Mgeni anayekuja kukagua mradi kwa siku tatu ayapokee, na sisi wa ofisini tunaoandika ripoti ya kijiji bila kuvuka kizingiti cha nyumba moja pia tuyapokee.

La pili ni kumpima hata mwandishi tunayempenda. Katika kitabu hicho hicho, Salme anatetea utumwa. Anasema utumwa wa nchi za Waarabu haukuwa kama ule wa Marekani, na anawalaumu Waingereza kwa kuharakisha kuukomesha. Anaandika pia kwamba Waafrika ni wavivu. Haya yameandikwa na mtu ambaye mama yake mzazi alinunuliwa, na ambaye jumba lao lililishwa na jasho la watumwa wa mashamba ya karafuu. Je, tukitupe kitabu? Hapana. Je, tuyakubali yote? Hapana pia. Yule yule anayetuonyesha ua wa Mtoni kwa uaminifu mkubwa hakuweza kuwaona sawasawa watu waliokuwa wakiufagia ua huo.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 17 tunasoma habari za watu wa Beroya. Walimsikiliza Paulo kwa moyo wa kupenda, na bado kila siku wakayachunguza Maandiko waone kama mambo ndivyo yalivyo. Maandiko yanawasifu kwa hilo. Kama mtume alichunguzwa, basi mwandishi wa kitabu naye achunguzwe, mtaalamu wa mradi naye achunguzwe, na makala hii nayo ichunguzwe.

2. KAZI: KITABU CHA MANENO

Kitabu cha pili si cha hadithi. Ni kitabu cha sarufi na orodha za maneno ya Kiswahili, kilichotolewa mwaka 1870 na Edward Steere. Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA, na yeye mwenyewe akawa askofu mwaka 1874. Wengi wetu tunamfahamu kwa sababu ya kanisa kuu la Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali pale.

Kanisa linaonekana, na kila mgeni hupelekwa kuliona. Kile kitabu hakionekani. Lakini tufikiri kidogo kilivyopatikana. Mtu mzima, msomi wa sheria, anakaa chini na wenyeji wa Unguja, wengi wao Waislamu, anauliza neno moja moja. Anaandika, anasomewa, anasahihishwa, anaandika tena. Anakubali kuwa mwanafunzi katika nchi aliyokuja kufundisha. Mwaka huo huo wa 1870 alitoa pia mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Misheni ilikuwa na mtambo wa kuchapishia, na vijana waliosoma kwake, wengi wao watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa, walijifunza kazi ya kupanga herufi na kuchapa.

Steere alifariki mwaka 1882, lakini kazi haikufa naye. A. C. Madan wa misheni hiyo hiyo aliiendeleza, akatoa kamusi mwaka 1894 na nyingine mwaka 1903. Mwaka 1930 ilianza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, na Kiunguja ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1939 zikatoka kamusi za Frederick Johnson. Mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, Kiswahili kwa Kiswahili. Ni zaidi ya miaka mia moja ya kazi, na kila mmoja alianzia pale mwenzake alipoishia, kwa sababu aliyetangulia aliacha maandishi.

Hapa ndipo kazi zetu nyingi zinapokwama. Tuchukue mfano wa kisima cha mtaa. Mfadhili ametoa fedha, fundi amechimba, kamati imesimamia, na maji yametoka. Baada ya miaka sita pampu inaharibika. Mwenyekiti wa zamani amehamia Dar es Salaam, fundi amefariki, mweka hazina hakumbuki. Hakuna anayejua kina cha kisima, bomba limepita wapi, wala pampu ni ya aina gani na vipuri vyake vilinunuliwa duka lipi. Basi kamati mpya inaanza upya, na inaandika barua ya kuomba fedha kwa jambo ambalo limekwisha kulipiwa mara moja. Kurasa nne za daftari zingetosha kuizuia hasara hiyo.

Mwinjili Luka, mwanzoni kabisa mwa Injili yake, anaeleza namna alivyofanya kazi. Alijitahidi kuyachunguza mambo yote kwa usahihi tangu mwanzo, akayaandika kwa taratibu, ili Theofilo ajue hakika ya yale aliyofundishwa. Kuchunguza, kupanga, kuandika, ili mwingine awe na hakika: hiyo ni kazi ya katibu wa kamati hasa. Katibu anayeandika muhtasari mzuri asijione kuwa na cheo kidogo kuliko mwenye kukata utepe.

3. UBUNIFU: MUUZA VYUNGU WA FUMBA

Kitabu cha tatu ni Wasifu wa Siti binti Saad, kilichoandikwa na Shaaban Robert na kutolewa mwaka 1958. Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa kisiwa, karibu mwaka 1880. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, na jina hilo linatosha kutuambia alizaliwa katika tabaka gani. Watu wa kwao walifinyanga vyungu, na yeye alivibeba kichwani akaviuza, akinadi njiani kwa sauti yake. Mwaka 1911 alihamia mjini. Hakuwahi kusoma wala kuandika. Alisikiliza, akahifadhi moyoni, akaimba.

Taarabu ya majumba ya wakubwa ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, lugha ya mwenye kuuza vyungu na ya mwenye kuvinunua, na katika nyimbo zake akayaingiza mambo ya mji wenyewe: dhuluma, kesi, taabu za wanyonge. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima ya Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1950.

Tuangalie ubunifu wake ulikuwa nini. Taarabu ilikuwepo, Kiswahili kilikuwepo, na mambo ya mji yalikuwepo yakizungumzwa barazani kila jioni. Yeye aliviunganisha vitu vilivyokuwa karibu yake, ambavyo hakuna aliyefikiri kuviweka pamoja. Mara nyingi tunadhani ubunifu ni kitu cha kuagizwa kutoka nje pamoja na mashine. Katika kitabu cha Kutoka sura ya 31, Mungu anamjaza Bezaleli hekima na ujuzi wa kufanya kazi ya dhahabu, ya mawe na ya mbao. Na tukisoma nyuma kidogo katika kitabu hicho, tunaona kwamba vitu vingi vilivyotumika kwa kazi ile vilitolewa na watu wenyewe, kila mtu alichokuwa nacho. Kipaji kilitoka kwa Mungu, na mali ilitoka hemani mwao.

Pengine mwanakamati mmoja atauliza: kama Siti hakujua kusoma na akafika mbali hivyo, vitabu ni vya nini? Ni swali zuri. Kitabu hakizai kipaji. Kazi yake ni kukitunza na kukipeleka kwa wengine. Sahani za santuri huchakaa, na wengi wa waliomsikia kwa masikio yao wamekwisha kufariki. Ikiwa leo kijana wa Mtoni anaweza kuyajua maisha ya binti wa Fumba, ni kwa sababu Shaaban Robert, aliyepata riziki yake kwa ukarani serikalini, aliketi akayaandika.

Tena tuviweke vitabu viwili pamoja. Salme aliandika Unguja kama ilivyoonekana kutoka barazani kwa mfalme. Wasifu wa Siti unaionyesha kutoka njia ya vumbi, na chungu kichwani. Anayesoma kimoja tu anajua nusu ya kisiwa. Anayesoma vyote viwili anaanza kufikiri mwenyewe, na hapo ndipo faida ya kusoma inapopatikana.

4. TUFANYE NINI?

Kwa kamati za parokia tunapendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

Kwanza, undeni kikundi cha kusoma cha watu wanane hadi kumi na wawili. Someni kitabu kimoja kwa robo mwaka. Mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize, ili mzee ambaye macho yamepungua nguvu, na mama ambaye hakupata skuli, wasiachwe nje. Siti alijifunza kwa kusikiliza, basi tusimdharau anayesikiliza. Wakaribisheni pia majirani Waislamu. Wao wanaamini kwamba neno la kwanza aliloteremshiwa Mtume wao lilikuwa amri ya kusoma, na vitabu hivi vitatu ni urithi wao na wetu.

Pili, kila baada ya kusoma jiulizeni maswali manne: Mwandishi aliona nini kwa macho yake? Nini alikisikia tu? Nani hakupewa nafasi ya kusema? Na sisi tutafanya nini tofauti kuanzia wiki ijayo?

Tatu, fungueni daftari la kila mradi. Andikeni tarehe, vipimo, bei, majina ya mafundi, mahali bomba lilipopita, na makosa yaliyotokea na jinsi yalivyorekebishwa. Daftari likae parokiani, lisikae nyumbani kwa mtu. Nakala ya pili iwekwe mahali pengine, kwani mchwa na mvua za masika havichagui.

Kwa marafiki wafadhili tuna ombi moja, nalo tunalisema kwa shukrani. Kabla ya kufunga maboksi ya vitabu na kuyatia melini, tuulizeni kwanza. Kitabu cha Kiingereza kilichoondolewa katika maktaba ya mbali, chenye habari za hali ya hewa na mazao yasiyokuwepo kwetu, hujaza kabati na kulifanya lionekane limejaa, kumbe ni tupu. Gharama ya kusafirisha maboksi hayo inaweza kununua vitabu vya Kiswahili vinavyochapishwa Dar es Salaam, au kuchapa kijitabu ambacho kamati yenyewe imekiandika juu ya kilimo cha mwani, ufugaji wa nyuki au historia ya mtaa wao. Tunajua kijitabu cha kurasa thelathini hakitawapa picha nzuri ya kutundika ukutani. Tunawaomba mtuamini kwamba kinaweza kuishi kuliko bati.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKAO

1. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wetu wakiondoka leo, kamati mpya itajuaje tulichokifanya?
2. Katika ripoti yetu ya mwisho, ni mambo gani tuliyaona wenyewe, na ni yapi tuliambiwa? Je, tuliyatenganisha?
3. Ni nani katika mtaa wetu hajawahi kuulizwa maoni yake juu ya mradi unaomhusu?
4. Ni vitu gani viwili tulivyonavyo tayari ambavyo hatujawahi kuviunganisha?
5. Soma Luka 1:1-4. Theofilo wetu ni nani?

Kamati zitakazoanza kusoma tunaziomba zituandikie kabla ya toleo lijalo. Tuelezeni mmechagua kitabu gani, na mmebishana juu ya nini. Mungu awabariki katika kazi zenu.